Nauli ya miezi mitatu Ujerumani: nitumie kadi ya baba mdogo?

SWALI

Mshauri, shikamoo.

Nina siku chache tu tangu niingie Ujerumani kwa mafunzo ya kazi, kuanzia katikati ya Aprili hadi katikati ya Julai. Nimefikia Potsdam, mji wa pembeni ya Berlin, kwa mama yangu mdogo na mumewe. Ofisi iko Berlin, karibu kabisa na kituo cha Friedrichstraße. Natakiwa kufika ofisini siku tatu kwa wiki. Siku mbili nafanyia kazi nyumbani.

Jambo linaloninyima usingizi utaliona dogo: ni nauli. Posho yangu, nikishatuma ada ya mdogo wangu, inabaki kama euro 350 kwa mwezi. Sidaiwi kodi wala chakula, namshukuru Mungu, lakini kila ninaposimama mbele ya mashine ya tiketi naona fedha inavyoyeyuka. Nimekuwa nikikata tiketi ya safari moja moja, kwenda na kurudi, na kila siku naahidi kesho nitapata njia nyingine.

Ushauri ninao mwingi kuliko fedha. Mama mdogo anasema kuna tiketi ya euro 9 ya mwezi mzima. Baba mdogo anamkatiza, anasema ni 29. Mimi nikitafuta kwenye simu naona 63. Halafu nasoma kwamba hiyo ya 63 si tiketi ya kununua mara moja, ni kama mkataba: benki inakatwa kila mwezi mpaka useme basi. Akaunti ya huku sina. Kadi yangu ni ya benki ya nyumbani. Naogopa nije niondoke Julai, kisha fedha iendelee kukatwa mimi nikiwa sipo.

Baba mdogo akaja na wazo lake. Yeye haendi mjini kila siku, kwa hiyo siku anazobaki nyumbani nichukue kadi yake. Ni kadi ya plastiki ya Deutschlandticket, ndiyo hiyo tiketi ya mwezi ya 63 inayotumika nchi nzima, ina jina lake. Nilisita, akaniuliza, "Kwani sisi si familia?" Nikanyamaza. Tangu siku hiyo anaiacha kadi mezani asubuhi, pembeni ya kikombe changu, na mimi naiacha hapohapo natoka. Hasemi kitu, ila naona imemuuma.

Mama mdogo kuona hivyo akasema, "Basi tukuandikishie ya kwako, wakate kwenye akaunti yetu." Hilo ndilo limenielemea zaidi. Nimelala kwao, nimekula kwao, sasa na nauli wanilipie? Nimemwambia nitafikiria.

Ofisini kuna mwenzangu, naye ni mgeni, aliyenitangulia mwezi mmoja. Yeye hanunui tiketi kabisa. Anasema vituo havina mageti, unashuka ngazi na kupanda treni, wakaguzi hawaonekani. Nilianza kumwamini. Kisha juzi kwenye treni ya S7 watu wawili niliodhani ni abiria wakatoa vitambulisho, wakaanza kukagua. Tiketi nilikuwa nayo, lakini moyo ulienda mbio mpaka nilipofika. Kijana mmoja walishuka naye.

Wenzangu wa mafunzo wameanza kupanga safari za mwisho wa wiki. Wanataka kwenda Leipzig, na siku moja waende Rostock kuona bahari. Nimewaambia nachoka, napenda kupumzika. Ukweli ni kwamba siwezi kuhesabu safari za starehe wakati hata za kazi zinanishinda.

Nataka tu kujua njia iliyo rahisi kuliko zote, na nimwambie nini baba mdogo.

Msomaji wako, Potsdam

JIBU

Marahaba, mwanangu. Karibu.

Unasema jambo ni dogo. Kwa mtu anayebakiwa na euro 350, tiketi ya 63 ni karibu sehemu moja ya tano ya fedha yake ya mwezi, na hilo si dogo. Isitoshe, kwenye barua yako nauli imeshikana na mambo mengine: kadi inayoachwa mezani, fedha ya mama mdogo usiyotaka kuigusa, na safari za wenzako unazozikataa kwa kisingizio cha uchovu. Nianze na hesabu, kwa sababu yenyewe ina majibu mengi kuliko unavyodhani.

Kwanza, hao wazee wako hakuna anayesema uongo. Kila mmoja anakumbuka mwaka wake. Tiketi ya euro 9 ilikuwepo kweli, Juni hadi Agosti 2022, wakati serikali ilipotaka kuwapunguzia watu makali ya bei za nishati. Ikaisha. Mei 2023 ikaja Deutschlandticket kwa euro 49, ikapanda hadi 58 Januari 2025, na tangu Januari 2026 ni 63. Ile ya 29 ya baba mdogo ilikuwa ya Berlin peke yake, ilianza Julai 2024, ilidai mkataba wa mwaka mzima, na ilishaacha kuuzwa. Hata ingekuwepo isingekufaa, maana haikufika Potsdam. Berlin imegawanywa kanda za nauli A na B, na miji ya pembeni kama Potsdam, pamoja na uwanja wa ndege, iko kanda C. Kwa hiyo wewe kila safari ni ya ABC.

Tiketi ya safari moja ya ABC ilikuwa euro 4.70 mwaka 2025. Tuseme ni karibu euro 5. Gawa 63 kwa hiyo, unapata safari 13 hivi. Kwenda na kurudi, siku saba za ofisini zinatosha kuilipa tiketi ya mwezi. Wewe kwa mwezi mzima unakwenda kama siku 12. Ukikata moja moja unavuka euro 110. Kwa Mei na Juni, basi, hata ukiondoa sikukuu za Mei, tofauti ni kubwa mno kuiacha.

Ugumu uko kwenye ncha mbili. Deutschlandticket inafuata mwezi wa kalenda, tarehe mosi hadi mwisho wa mwezi, na wewe umeingia katikati na utatoka katikati. Miezi yako mitatu, kwa macho ya tiketi hiyo, ni minne: Aprili, Mei, Juni, Julai. Ukilipia yote kamili ni euro 252. Ukilipia Mei na Juni tu ni 126, kisha nusu ya Aprili na nusu ya Julai unakata moja moja. Nusu mwezi kwako ni siku sita za ofisini, yaani safari 12, na hizo zinakaribia euro 60. Tofauti na 63 ni kiasi cha safari moja ya treni! Hapo bei haikusaidii kuchagua, itabidi uangalie kingine, na nitarudi hapo. Aprili hii umeshatumia siku kadhaa, kwa hiyo uliza kwanza: wapo wauzaji wanaotoza siku zilizobaki tu ukianza katikati ya mwezi, na wapo wanaotoza mwezi mzima hata ukianza tarehe 25.

Ipo pia tiketi ya siku saba mfululizo, lakini kwa anayesafiri siku tatu sioni inamfaa vipi. Na hizo moja moja unazokata, hakikisha unajua masharti yake: ni saa mbili, mwelekeo mmoja, huwezi kurudi nayo ulikotoka hata kama saa mbili hazijaisha. Ya karatasi ambayo haijapigwa muhuri kwenye kile kimashine cha kituoni huhesabiwa kama hukununua. Wageni wengi walifunzwa hili na mkaguzi.

Hofu yako ya makato yasiyokoma ina msingi, ila ina dawa. Mkataba wa Deutschlandticket ni wa mwezi kwa mwezi. Kanuni ya kawaida ni kwamba ukitoa taarifa ya kuacha kabla ya kupita tarehe 10, unakoma mwisho wa mwezi huohuo. Ukitaka uishie Juni, mwisho wako ni tarehe 10 Juni. Ukitaka uishie Julai, ni tarehe 10 Julai, wakati bado upo. Anayekumbuka tarehe 11 amelipia Agosti. Weka kengele kwenye simu, na ule ujumbe wa kuthibitisha kwamba umeacha usiufute.

Kuhusu akaunti, umeamini mapema mno kwamba mlango umefungwa. Tiketi hii ni ileile nchi nzima, na hulazimiki kuinunua kwa kampuni ya Berlin au ya Potsdam. Inauzwa na mashirika mengi, na baadhi kwenye programu zao za simu hupokea kadi ya mkopo au PayPal, si makato ya akaunti ya Ulaya peke yake. Baadhi huangalia pia historia yako ya mikopo, na mgeni historia hana. Ukikataliwa na mmoja usiichukue kama hukumu, jaribu mwingine. Kabla ya hapo iulize benki yako inatoza kiasi gani kwa malipo ya nje, na kama kadi yako inakubali malipo yanayojirudia kila mwezi.

Sasa tuje kwa baba mdogo.

Deutschlandticket ni ya mtu mmoja, mwenye jina lake. Mkaguzi ana haki ya kudai kitambulisho chenye picha, na jina lililoandikwa pale si lako. Faini ni euro 60, na kadi yenyewe inaweza kuchukuliwa, halafu yeye ndiye abaki bila usafiri. Kwa hiyo ulivyosita, ulisita kwa sababu.

Ila jiulize kitu kimoja. Je, baba mdogo anajua hayo? Huko Berlin na Brandenburg, jimbo linaloizunguka, zipo tiketi za mwezi za aina nyingine, zisizo na jina, ambazo yeyote anayezishika anasafiri nazo. Ni ghali kuliko hiyo ya 63, lakini familia huzipokezana kihalali kabisa. Mtu aliyekaa huko miaka mingi anaweza kuwa amezizoea, na kichwani mwake kadi ni kadi. Inawezekana hakualiki kwenye udanganyifu. Inawezekana anaona umemkataa yeye, kwa sababu hukumpa sababu, ulinyamaza.

Sitakuandikia maneno ya kumwambia, wewe ndiye unayejua mnavyoongea humo ndani. Ningependa tu uone kwamba kuna njia ya kulizungumza bila kumfanya mkosaji. Kaa naye, shikeni hiyo kadi wote wawili, someni masharti pamoja. Mwambie unaogopa ataipoteza kadi yake kwa ajili yako. Anaweza kukasirika kidogo, wazee hawapendi kusahihishwa na watoto waliofika juzi. Anaweza pia kucheka. Kadi kuendelea kulala pembeni ya kikombe chako kila asubuhi nako kuna gharama yake, na hiyo mnailipa wote.

Habari ya mama mdogo naomba uisome tena. Alisema, kwa maneno uliyoniandikia, "wakate kwenye akaunti yetu." Wewe umesikia: tutakulipia. Huenda ndivyo. Lakini huenda pia alikuwa anakupa njia tu, akaunti ya kupitishia, akijua huna. Hayo ni mambo mawili tofauti, na hujamuuliza ni lipi. Wapo wauzaji wanaoruhusu mwenye akaunti awe mtu mmoja na mwenye tiketi mwingine. Ukimkabidhi 63 taslimu kila mwanzo wa mwezi, deni liko wapi? Hatari yake ipo, usiifumbie macho: siku fedha isipotosha kwenye akaunti, usumbufu na ada za benki ni zake, na ukisahau kuacha mkataba, yeye ndiye atakayekatwa wewe ukiwa umeondoka. Kama atakataa kabisa kupokea fedha yako, hapo utakuwa na swali lingine, la kama unaweza kupokea zawadi kutoka kwa watu ambao tayari umekubali kula na kulala kwao. Wengine wanaona nauli ni mstari usiovukwa. Sijui kwa nini kwako mstari umepita hapo na si kwenye chakula; labda wewe unajua.

Yule mwenzako wa ofisini amesema kweli kuhusu mageti. Hayapo. Ila wakaguzi umewaona mwenyewe, na mara nyingi huvaa kama abiria makusudi. Akikamatwa mara moja tu kwa mwezi, euro 60 zake ni tiketi ya mwezi pungufu ya euro 3. Na si faini tu: kusafiri bila kulipa ni kosa la jinai Ujerumani, kifungu cha 265a cha sheria ya adhabu, na anayekamatwa mara kwa mara anaweza kushtakiwa. Kwa mtu anayekaa kwa viza na anayetaka siku moja kuomba nyingine, huo ni mzigo mzito. Hilo sikufichi. Nimeona pia kwamba mlipokaguliwa tiketi ulikuwa nayo, na bado moyo ulikwenda mbio. Pima mwenyewe kama ungeweza kuishi hivyo miezi mitatu bila tiketi.

Kuna mlango hukuutaja kabisa: ofisi yako. Waajiri wengi Ujerumani wana mpango wa kuchangia tiketi hii. Mwajiri akitoa angalau asilimia 25, kunaongezwa punguzo la asilimia 5, na mfanyakazi halipi zaidi ya euro 44.10. Inawezekana mafunzo yako ni mafupi mno, au mkataba wako haukuingizi humo. Wakikwambia hapana, umepoteza barua pepe moja. Naona wewe ni mtu anayeogopa kuonekana anaomba. Kuuliza idara ya wafanyakazi ina mipango gani kwa wafanyakazi ni sehemu ya kuwa kazini. Na kama mafunzo yako yamepita chuo cha huko ukasajiliwa kama mwanafunzi, uliza pia tiketi ya wanafunzi, ni asilimia 60 ya bei.

Nilisema nitarudi kwenye zile ncha mbili. Katika hesabu yako yote umeweka safari za kazi peke yake. Leipzig umeitoa, Rostock umeitoa, ukaziita starehe. Lakini Deutschlandticket haijui kama unakwenda ofisini au baharini. Inaingia kwenye mabasi, tramu, S-Bahn (treni za mjini), U-Bahn (treni za chini ya ardhi) na treni za mikoa nchi nzima. Haiingii kwenye zile za masafa marefu kama ICE na IC. Leipzig unafika kwa treni za mikoa ukibadilisha njiani, na treni ya mikoa ya RE5 inakwenda Rostock kutoka Berlin. Ni saa nyingi za kukaa kitini, wenzako wasikudanganye, na kabla ya kutoka angalia ratiba kwa sababu njia hizo hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo. Ila nauli ya ziada ni sifuri. Mei na Juni, ukiwa na tiketi kwa ajili ya kazi, utakuwa na safari hizo mfukoni utake usitake. Kitakachobaki kukuzuia ni chakula cha njiani, au kweli ni uchovu, au ni hisia kwamba mtu anayetuma ada nyumbani hapaswi kwenda kuona bahari. Hiyo ya mwisho ingekuwa vyema uitazame kwa jina lake, si kwa jina la nauli.

Aprili iliyobaki inaweza kupita kwa tiketi za moja moja bila hasara kubwa, au ukapata muuzaji anayetoza siku zilizobaki tu. Julai huna haja ya kuiamua leo. Kabla ya tarehe 10 Juni kaa tena na hesabu, ukiwa tayari unajua kama siku zako za ofisini bado ni tatu, ofisi ilijibu nini, na kama wiki mbili za mwisho utakuwa unafunga mizigo au unazunguka kuaga watu.